Bega Linalochomoka Mara kwa Mara

Somo kwa wafanyakazi wa mashamba, viwanda na bandari



Katika somo hili tutazungumza juu ya bega. Huenda baadhi yenu mkauliza: bega nalo lina somo gani? Lakini katika kila kundi la makuli, la wakwezi au la wakata mkonge, yumo mtu ambaye bega lake limekwisha kutoka mahali pake zaidi ya mara moja. Wenzake wanamjua. Akinyanyua gunia vibaya, bega linatoka. Akirusha tita juu ya gari, linatoka. Wengine linawatoka hata wakijigeuza kitandani usiku. Naye amezoea kuuma meno, mwenzake humvuta mkono, bega hurudi, kazi ikaendelea. Kwa mnyapara hasemi neno, kwa kuwa anaogopa kesho jina lake lisiitwe.

Jambo tunalotaka kila mmoja wetu alishike ni hili. Bega kutoka mara ya kwanza ni ajali. Bega kutoka mara ya tatu na ya nne, mara nyingi ni matokeo ya namna ajali ile ya kwanza ilivyoshughulikiwa: ilifichwa, mapumziko yalikatwa, na mfanyakazi akarudishwa kwenye kazi ileile iliyomwumiza. Kwa hiyo si shida ya mtu mmoja na maumivu yake peke yake. Ni shida ya kazi, na kamati ya chama hapana budi iijue.

Wala ajali hii si ya leo. Huko Misri, katika kijiji cha mafundi kinachoitwa sasa Deir el-Medina, liko kaburi la mchongaji aitwaye Ipuy, aliyeishi zama za Farao Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Katika ukuta wa kaburi hilo wamechorwa mafundi wakiwa kazini. Mmoja anatibiwa jicho, na mwingine ameshikwa mkono na mwenzake ambaye waganga wa siku hizi husema anamrudishia bega. Basi tangu enzi za Mafarao bega la mfanyakazi limekuwa likitoka kazini, na mwenzake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsaidia.

1. BEGA LILIVYOUNDWA

Kiungo cha nyonga kimeundwa kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani, hakitoki kwa urahisi. Bega si hivyo. Chukua nazi uiweke juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Nazi ni kichwa cha mfupa wa mkono, na kisahani ni kikombe cha bega. Kisahani hicho hushika sehemu ndogo tu ya nazi, kama robo au theluthi. Ndiyo maana mkono waweza kwenda juu, nyuma, mbele na kuzunguka, jambo ambalo mguu hauwezi. Na ndiyo maana bega hutoka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili.

Ni nini basi kinachoizuia nazi isianguke? Ni vitu vitatu. Kwanza, kuna ukingo wa gegedu unaozunguka kisahani na kukiongezea kina. Pili, kuna mfuko mgumu na kano fupi zinazofunga mfupa na mfupa. Tatu, kuna misuli midogo inayolizunguka bega na kukivuta kichwa cha mfupa kikae katikati kila mkono unapofanya kazi. Ukingo na kano zikichanika, hatuwezi kuzishona wenyewe. Misuli twaweza kuitia nguvu kwa mazoezi. Tutarudi kwenye jambo hilo mbele.

2. KWA NINI LIKITOKA MARA MOJA HUTOKA TENA

Katika kila mabega 100 yanayotoka, zaidi ya 90 hutoka kwa mbele. Mkono huwa umeinuliwa pembeni na kupelekwa nyuma, kama wa mtu anayetaka kurusha jiwe, kisha nguvu fulani ikausukuma zaidi. Au mtu huanguka na kujizuia kwa kiganja huku mkono umenyooka. Kichwa cha mfupa huruka ukingo wa mbele wa kisahani, na mara nyingi hubandua gegedu la hapo. Mpasuaji wa Kiingereza, Bankart, aliandika juu ya kubanduka huko mwaka 1923, na hata leo madaktari hukuita kwa jina lake. Tena kichwa cha mfupa chenyewe, kikikandamizwa na ukingo, huweza kubonyea kwa nyuma kama nazi iliyogongwa.

Ukingo uliobanduka wakati mwingine hushika tena mahali pake, na wakati mwingine haushiki, au hushika vibaya. Hapo kisahani hubaki na ufa upande mmoja, na siku ya pili bega hutoka kwa nguvu ndogo kuliko siku ya kwanza. Kila linapotoka huongeza uharibifu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na bega ni mfano wake halisi.

Umri nao una neno. Kijana wa chini ya miaka 20 ambaye bega lake limetoka, na ambaye anaendelea na kazi au michezo ya nguvu, ana hatari kubwa kuliko wote: zaidi ya nusu yao bega hurudia kutoka. Aliyepita miaka 40 halimrudii sana, lakini yeye ana hatari nyingine: kano za misuli ya bega huweza kukatika siku ileile. Kama baada ya bega kurudi mtu mzima huyo bado hawezi kuinua mkono, asiambiwe ni uvivu. Aonwe na daktari upesi.

Tuseme pia juu ya wenzetu wenye kifafa. Degedege kali huweza kulitoa bega, mara nyingine kwa nyuma, na pigo la umeme pia hufanya hivyo. Bega lililotoka kwa nyuma halionekani wazi, na laweza kupita bila kutambuliwa kwa majuma mengi. Mwenye kifafa ambaye bega lake linatoka, dawa yake ya kwanza ni kutibiwa kifafa chenyewe.

3. KAZI ZETU NA BEGA

Tuangalie kazi za pwani yetu, kutoka Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia.

Mkwezi wa minazi hunyoosha mkono mmoja juu na nyuma kushika kuti, mwili wote ukining'inia hapo. Mfua nazi hukandamiza nazi kwenye kifuo kisha huisokota kwa nguvu, mara mamia kwa siku. Wazee wetu waliokata mkonge huku kwetu na ng'ambo ya Ruvuma, katika mashamba ya Lindi na Tanga, walijua uzito wa kurusha matita juu ya toroli. Kuli hupandisha gunia juu ya rundo lililopita kichwa chake. Mvuvi hutupa wavu na kuvuta kamba, na wimbi huvuta upande wake. Dereva akiwa amekaa hunyoosha mkono nyuma ya kiti kuchukua mzigo.

Kazi hizi zote zina pozi moja la hatari: mkono uko juu ya bega, umefunguka pembeni, na umekwenda nyuma. Mwenye bega bovu alikumbuke pozi hilo kuliko dawa yoyote. Mzigo ulio karibu na tumbo, na kiwiko kikiwa karibu na mbavu, haulitoi bega kwa urahisi. Mzigo uleule ukiwa juu na mbali na mwili hulitoa.

Juu ya mkwezi tuseme wazi. Mtu ambaye bega lake limekwisha kutoka mara mbili asipande mnazi. Likitoka chini anapata maumivu. Likitoka juu anaanguka. Vilevile asiogelee peke yake mahali penye kina, wala asitoke baharini peke yake na mtumbwi. Hatusemi haya ili kumnyima riziki. Shambani iko kazi nyingi ya chini, kama kukusanya, kuhesabu, kupasua na kuanika mbata, na kamati ya chama ina wajibu wa kumdai mwenzake abadilishiwe kazi kabla hajaanguka.

4. SIKU BEGA LINAPOTOKA

Utalijuaje? Bega hupoteza uduara wake likawa na kona kama sanduku. Chini ya ncha ya bega pana bonde. Mtu hushikilia mkono wake kwa mkono wa pili, umekaa mbali kidogo na mbavu, na hawezi kukigusa kiganja chake kwenye bega la upande wa pili. Maumivu ni makali.

Fanyeni hivi:

Kwanza, msimvute. Tunajua ni desturi: mmoja anamshika kiunoni, mwingine anatia kisigino kwapani na kuvuta mkono. Njia hiyo ni ya kale, nayo inaitwa kwa jina la tabibu wa Kiyunani Hippocrates aliyeishi karibu miaka 2,400 iliyopita. Lakini chini ya kiungo, karibu na kwapa, hupita neva inayokwenda kwenye msuli wa kuinua mkono, pamoja na mshipa mkubwa wa damu. Kisigino chaweza kuviumiza vyote viwili. Tena huenda mfupa umevunjika, na bila picha hamwezi kujua. Mkivuta mfupa uliovunjika mnaongeza msiba.

Pili, chunguzeni mambo matatu. Je, vidole vyake vinacheza? Je, kiganja kina joto na mpigo wa damu kwenye kifundo? Je, anahisi mkimgusa upande wa nje wa bega, pale ambapo askari hubandika cheo chake? Kama kiganja ni baridi na hakina mpigo, hiyo ni dharura, msingoje hata saa moja. Kama hahisi pale begani, mwambieni mganga mara mfikapo, na mwombeni aandike kabla hajalirudisha bega. Hapo itajulikana kuwa neva iliumizwa na ajali, si na matibabu.

Tatu, tegemezeni mkono jinsi ulivyo. Kunjeni nguo au tieni mto mdogo kati ya mkono na mbavu, kisha mfungeni kanga au kapulana shingoni ibebe mkono, na nyingine izunguke kifua ili mkono usitikisike. Barabara zetu ni mbaya na safari ni ndefu, kwa hiyo kazi hii ifanywe vizuri kabla ya kupanda gari. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kama mnayo, ikae begani dakika 15 au 20, msiiweke juu ya ngozi tupu. Aweza kupewa paracetamol na maji kidogo. Chakula kizito asile njiani, kwani huenda hospitalini akapewa dawa ya usingizi.

Nne, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au juu ya mzigo achunguzwe shingo na kichwa kwanza. Bega laweza kungoja; shingo haingoji.

Hospitalini mganga hupenda kupata picha kabla na baada ya kulirudisha, pale penye mashine. Ziko njia za upole. Mgonjwa hulala kifudifudi juu ya meza, mkono ukining'inia chini na uzito wa kilo chache umefungwa kwenye kifundo, misuli ikachoka na kulegea, bega likaingia lenyewe. Njia nyingine ni ya Kocher, daktari wa Uswisi aliyeiandika mwaka 1870, ya kugeuza mkono polepole ukiwa umekunjwa kiwiko. Siku hizi zote hufanywa taratibu, baada ya dawa ya maumivu, bila kushindana nguvu na misuli. Kadiri bega linavyokaa nje kwa saa nyingi, ndivyo misuli inavyokaza na kazi inavyokuwa ngumu. Kwa hiyo aliyeumia asubuhi asingoje kengele ya jioni.

Sasa, yule ambaye bega limemtoka mara nyingi na hospitali iko mbali afanyeje? Ipo njia moja anayoweza kufundishwa na mganga aifanye mwenyewe, iliyotumika Davos, Uswisi. Mtu hukaa chini, hukunja goti la upande wa bega lililotoka, na kufungamanisha vidole vya mikono yote miwili mbele ya goti. Kisha huacha mwili uegemee nyuma polepole, mikono imenyooka na kichwa kimeelekea nyuma, akipumua na kulegeza misuli. Uzito wa mwili wake ndio unaovuta, si mtu mwingine. Lakini asiifanye kama ni mara yake ya kwanza, kama ameanguka kutoka juu, kama amepita miaka 40, au kama mkono umekufa ganzi. Likikataa, aache, afungwe kapulana, aende hospitali. Na hata likirudi, siku hiyo kazi imekwisha kwake.

5. MAJUMA NA MIEZI INAYOFUATA

Hapa ndipo mabega mengi yanapoharibika. Maumivu makali huisha bega likishaingia, na mtu hudhani amepona. Hajapona. Kilichochanika ndani kinahitaji majuma kushikana.

Juma la 1 hadi la 3. Mkono ukae kwenye kapulana. Kijana aweza kukaa hadi majuma 3. Aliyepita miaka 40 juma moja hivi hutosha, kwa sababu bega lake hukauka na kuganda upesi. Kila siku akunje na kunyoosha vidole, kifundo na kiwiko. Usiku alale chali, nguo iliyokunjwa ikiwa chini ya kiwiko. Asilale ametia mkono chini ya kichwa.

Juma la 3 hadi la 6. Ainame, ashike meza kwa mkono mzima, mkono mbovu auache uning'inie na kuuzungusha taratibu duara ndogo. Kisha asimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole juu kama kaa anayetambaa, mpaka pale maumivu yanapoanza, asipite hapo. Lile pozi la kurusha jiwe ni mwiko.

Juma la 6 na kuendelea. Sasa misuli itiwe nguvu. Hahitaji mashine. Akate ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, aufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Akunje kiwiko kiwe kama kona ya meza, abane nguo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu isianguke. Avute mpira kuelekea tumboni mara 10 hadi 15. Ageuke upande wa pili, avute kutoka tumboni kwenda nje idadi ileile, lakini mkono usipite usawa wa mbele yake. Mwisho avute kwa kurudisha kiwiko nyuma kama mpiga kasia, akibana mabega pamoja, kiwiko kisipite mgongo. Apumzike, arudie mizunguko 3. Kila siku mbili au tatu aongeze kidogo. Baadaye asukume ukuta kwa viganja viwili, kifua kikikaribia na kurudi.

Mazoezi haya yaendelee miezi 3 au 4 kabla ya kubeba mzigo mzito, na baada ya hapo yasiachwe kabisa. Jaribio la kurudi kazini ni hili: mkono ufike kila upande bila maumivu, nguvu yake ikaribie ya mkono wa pili, na mtu asiwe na hofu kwamba bega "linataka kuondoka" anapoinua mkono. Hofu hiyo ni dalili halisi, wala si woga.

Kuhusu wakandaji wetu. Mkono mzuri wa mkandaji, mafuta na maji ya moto huweza kulegeza misuli iliyokaza baada ya majuma ya mwanzo, nasi hatuwadharau. Ila wasivute wala kusokota kiungo, na wasikande juma la kwanza. Kuchanjwa na kuchomwa chuma cha moto kusikubaliwe. Katika vitabu vinavyobeba jina la Hippocrates mna habari ya kuchoma kwapa kwa chuma ili kovu likaze bega lisitoke. Dunia imekwisha kuiacha dawa hiyo, nasi tuiache.

6. UPASUAJI

Yako mabega ambayo mazoezi hayayatoshi. Kama bega linatoka usingizini, kama limetoka mara mbili au zaidi kwa kijana ambaye riziki yake ni mikono, au kama miezi 6 ya mazoezi haikuleta nafuu, ni haki yake kuomba kuonwa na daktari wa mifupa. Upasuaji uko wa namna mbili kubwa. Mmoja hushona ukingo wa gegedu urudi mahali pake. Mwingine, unaoitwa kwa jina la Latarjet, mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1954, huchukua kipande cha mfupa kilicho jirani na kukifunga mbele ya kisahani ili kiwe kizuizi. Huo hufaa hasa pale mfupa wa kisahani umekwisha kulika kwa kutoka mara nyingi.

Kwa sisi wa kaskazini, njia ya rufaa hupitia Pemba, na hospitali kuu ya rufaa iko Nampula. Wenzetu wanaofanya kazi upande wa Tanzania wanayo taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, huko Dar es Salaam. Safari ni ndefu na ina gharama, na ndiyo sababu sehemu inayofuata ina uzito sawa na dawa.

7. KARATASI YA SIKU YA KWANZA

Tuchukue mfano. Kuli anatokwa na bega akipandisha gunia. Wenzake wanalirudisha palepale, hakuna aliyeandika. Miezi 5 baadaye linatoka nyumbani akichota maji kisimani, na tangu hapo linatoka kila mwezi. Anapoomba matibabu anaambiwa: "Wewe uliumia nyumbani." Atajibu nini? Ajali ya kisimani ni mtoto wa ajali ya gunia, lakini gunia halikuandikwa.

Nchini Msumbiji ajali za kazi zinatawaliwa na Sheria ya Kazi nambari 13 ya 2023, iliyoshika nafasi ya ile ya 2007, na Dekreto nambari 62 ya 2013. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, humjulisha mwajiri ajali ilipotokea. Mwajiri anadaiwa kutoa huduma ya kwanza na usafiri wa kumfikisha aliyeumia hospitali. Tena anadaiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima ya ajali. Kwa wanaoajiriwa Tanzania bara, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Hakuna haki kati ya hizi inayosimama bila karatasi.

Kwa hiyo siku ileile yaandikwe haya: jina, tarehe, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, uzito wa mzigo, bega gani, nani alishuhudia, na nani alilirudisha. Wenzake wawili watie sahihi au dole gumba. Hospitalini aombe iandikwe kwamba bega lilitoka, si "maumivu ya bega" tu. Tena aombe iandikwe idadi ya siku za kupumzika na kazi asizopaswa kufanya.

Karatasi ziwe mbili, moja ya mfanyakazi na moja ya kamati, na picha yake kwenye simu ya mtu wa tatu. Sisi wa pwani hii tunajua kwa nini. Mapigano yalipozuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbia na nguo walizovaa. Vituo vya afya viliharibiwa, na madaftari yakapotea pamoja navyo. Mtu aliyebaki na bega bovu lakini hana karatasi ya kulieleza ana kazi kubwa mbele yake.

Kibarua anayelipwa kwa siku ndiye anayeficha zaidi, kwa sababu siku ya kupumzika ni siku ya njaa. Kumwambia apumzike majuma 3 na kumwacha hapo ni maneno matupu. Kamati imfuatilie mambo mawili: bima ya mwajiri iulizwe mara moja, na kazi ya chini itafutwe mapema. Mchango wa wenzake utamvusha siku za mwanzo, lakini mchango usigeuzwe kuwa mahali pa wajibu wa mwajiri.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili pamoja wakati wa mapumziko. Asiyejua kusoma asomewe. Kisha mjadiliane:

1. Katika kundi letu ni wangapi ambao bega limewahi kuwatoka? Ni wangapi waliandikiwa?

2. Ni kazi gani hapa kwetu inayoinua mkono juu na nyuma? Rundo laweza kushushwa lisipite kifua? Gunia laweza kubebwa na watu wawili?

3. Mwajiri wetu amekata bima ya ajali kwa kampuni gani, na nani katika kamati ameiona karatasi yake kwa macho?

4. Bega la mwenzetu likitoka leo saa 4 asubuhi, gari ni la nani, dereva ni nani, na kapulana ya kumfunga iko wapi?

Majibu ya swali la 3 na la 4 yaandikwe na kuletwa katika mkutano ujao wa kamati. Kundi ambalo halina jibu la swali la 4 lilitafute kabla ya kuanza kazi kesho asubuhi.